Mkanda, Kopo la Samli na Alama ya Kidole

Mkoa wa Simiyu hauna uwanja wenye safari za ndege za abiria. Mkazi wa Bariadi anayetaka kuruka kwenda Dar es Salaam huondoka na basi la alfajiri, hupita takriban kilomita 72 za lami hadi Lamadi, hushika barabara kuu ya Musoma–Mwanza, huvuka Magu, kisha hufika uwanja wa Mwanza ulioko Ilemela, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hapo amri humfuata mfululizo: vua mkanda, vua viatu, toa simu, fungua begi, hiki hakiingii, jina hili halifanani na la kitambulisho.

Amri hizo zimebandikwa ukutani na kila mtu anazisikia. Sababu zake ndizo ambazo hazisemwi, na ndiyo maana maswali yale yale yanarudi kila siku vijiweni, stendi na kwa mawakala wa tiketi. Kwa nini kisu cha jikoni kikubaliwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, lakini pawabenki ikataliwe humo humo? Kwa nini kopo la asali lizue mashaka kuliko redio? Mtu aliyekwisha kutoa alama za vidole kwa mamlaka ya vitambulisho vya taifa, NIDA, na kwa kampuni ya simu, kwa nini azitoe tena akifika Ulaya? Na mkaguzi akikuta vidonge vya mtu, ana ruhusa ya kuuliza ni vya ugonjwa gani?

Maswali haya tumezoea kuyaweka kapu moja, ilhali Kiswahili kilishayatenganisha zamani. Kuna stara, yaani kusitiriwa kwa mwili wa mtu na heshima yake mbele za watu. Na kuna siri, yaani habari zake ambazo hajapenda zienee. Katiba yetu imetumia neno la tatu, faragha, lenye kubeba yote mawili. Katika uchambuzi huu ni bora tuyatenganishe tena, kwa sababu kupapaswa langoni huisha ndani ya dakika moja, lakini jina, sura na alama ya kidole vilivyochukuliwa hukaa kwenye kompyuta kwa miaka. Malalamiko mengi ya abiria yanahusu jambo la kwanza. Linalostahili kutunyima usingizi zaidi ni la pili.

Sare moja, watunga sheria wanne

Abiria humwona mtu mmoja mwenye sare akadhani masharti yote yanatoka kwake. Ukweli ni kwamba yanatoka kwa watunga sheria wanne tofauti, na ni nusu tu ya mkanganyiko wetu ambayo ingebaki kama kila sharti lingetajwa pamoja na mwenye nalo.

Wa kwanza ni shirika la ndege lenyewe, linalopanga uzito wa mizigo na kutaka jina la tiketi lifanane na la kitambulisho. Hapa watu wa Usukumani wana tabu yao mahsusi. Mifumo ya tiketi hupokea herufi A hadi Z peke yake, na mistari ya chini ya ukurasa wa pasipoti inayosomwa na mashine huiacha ritifaa kwa mujibu wa kanuni za kimataifa. Kwa hiyo Ng'wandu huandikwa NGWANDU, na hilo si kosa la kumzuia mtu kusafiri. Kosa hutokea pale wakala anapoandika Mwandu kwa kuwa ndivyo alivyosikia, wakati kitambulisho kinasema Ng'wandu.

Wa pili ni wale wanaozuia ajali. Wa tatu ni wale wanaozuia uhalifu. Lugha yetu inatuponza kidogo hapa, kwa sababu kote kote tunasema "usalama", ilhali ni kazi mbili. Pawabenki hakatazwi mtu kwa kushukiwa ugaidi. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu huweza kushika moto yenyewe na moto wake ni mgumu kuzima. Ikiwa juu, pamoja na abiria, wahudumu wataona moshi na kuchukua hatua, ikiwa chini na mizigo hakuna wa kuona. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi wakaitaja pawabenki kuwa chanzo kinachoelekea zaidi. Mwaka huo huo, kuanzia Oktoba, Emirates ikakataza kabisa kuitumia ndani ya ndege zake. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000, kwa volti 3.7, ni wati-saa 74, hivyo inapita, alimradi ikae kwenye begi la mkononi. Kisu ni kinyume chake. Huko chini hakina mkono wa kukishika, hivyo hakidhuru mtu.

Masharti ya kuzuia uhalifu yana mzizi katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kilichopitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, mwaka 1974. Hapa nchini Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayosimamia utekelezaji, na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, huendesha viwanja. Mtunga sheria wa nne ni nchi yenyewe na sheria zake za kawaida: madini, nyara, dawa za kulevya, na tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki.

Kila sharti na tukio lililolizaa

Wapo wanaoamini kwamba ukaguzi ni desturi ya Wazungu tuliyoletewa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Historia ya uwanja ule ule wa Mwanza inawakatalia. Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Shirika la Ndege Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu. Ilipelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwisho Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha tarehe 28, wakashtakiwa na kufungwa. Baadhi ya silaha walizotishia nazo zilikuja kubainika kuwa za bandia. Kwa aliyekaa kwenye kiti akiwa ameelekezewa mtutu, ubandia huo haukuwa na maana yoyote. Ndiyo sababu hata leo bastola ya plastiki ya mtoto haipandi ndege.

Funzo kama hilo lilirudi kwa gharama kubwa zaidi tarehe 23 Novemba 1996. Watekaji wa ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi walidai wana bomu; walichoshika kilikuwa chupa ya pombe. Ndege iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na Ngazija, wakafa watu 125 kati ya 175.

Masharti mengine yana tarehe zake vilevile. Viatu vilianza kushukiwa baada ya Richard Reid kujaribu kulipua vyake ndani ya ndege mnamo Desemba 2001. Vimiminika viliwekewa kikomo baada ya polisi wa Uingereza, Agosti 2006, kuvunja njama ya kulipua ndege kwa kemikali zilizotiwa kwenye chupa za vinywaji. Ndipo ikaja mililita 100, na ICAO ikazishauri nchi zifuate sharti hilo kwa safari za kimataifa kuanzia Machi 2007. Hapo ndipo lilipo jibu la anayeshangaa kuona mafuta yake ya kupaka yakipita safari ya ndani na kukwama safari ya nje. Mashine za kutazama mwili zilienea baada ya Umar Farouk Abdulmutallab kuficha kilipuzi kwenye nguo ya ndani siku ya Krismasi 2009. Unga nao uliingia orodhani: tangu tarehe 30 Juni 2018, anayekwenda Marekani akibeba unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi hukaguliwa zaidi. Mwanafunzi wa Maswa aliyefungashiwa unga wa lishe na mama yake afadhali auweke kwenye begi kubwa.

Ukiyapanga matukio haya unaona tabia moja ya masharti ya usalama: huzaliwa haraka na hufa kwa shida. Kiongozi anayeliondoa sharti anajua kwamba likitokea la kutokea, jina lake ndilo litakalotajwa. Marekani ilifika Julai 2025 ndipo ikaacha kuwavua watu viatu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza kulegeza sharti la vimiminika kwa mashine mpya, ukalirudisha tarehe 1 Septemba 2024 kwa kutoridhika nazo. Abiria hubeba mzigo wa matukio yote kwa pamoja, hata yale ambayo hatari yake imeshapungua.

Wanaosema afadhali usumbufu kuliko msiba

Hoja yao ya kwanza ni nzito na haipaswi kubezwa. Usumbufu hugawanywa kwa mamilioni ya watu kidogo kidogo, msiba hauna marejesho. Wana ushahidi pia. Marekani ilipata utekaji zaidi ya mia moja kati ya 1968 na 1972. Ilipoanza kukagua kila abiria, Januari 1973, utekaji uliporomoka. Afrika Mashariki haina sababu ya kujiona iko mbali na hatari. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam karibu kwa wakati mmoja, na tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa, yakakosa.

Kuna pia hoja ya riziki. Simiyu imepakana na Serengeti, na ina Pori la Akiba la Maswa ndani ya mipaka yake. Ndege za kimataifa na kampuni za bima huangalia alama za ukaguzi wa nchi kabla ya kuleta watalii. Uwanja unaoonekana kulegea huwapotezea kipato hata wasiowahi kupanda ndege.

Udhaifu wa msimamo huu ni kudhani kwamba ukali ndio ufanisi. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wakaguzi wa viwanja vya Marekani, wenye vifaa ghali kuliko karibu wote duniani, walishindwa kugundua silaha na vilipuzi vya majaribio mara 67 kati ya 70. Februari 2016 mjini Mogadishu, bomu lililolipua ubavu wa ndege ya Daallo Airlines lilikuwa ndani ya kompyuta mpakato ambayo mlipuaji alikabidhiwa na watu wa uwanjani baada ya kupita ukaguzi. Abiria walikuwa wamekaguliwa wote. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa wafanyakazi.

Tena tiba yenyewe inaweza kuzaa ugonjwa. Milango ya chumba cha rubani iliimarishwa baada ya 2001 ili mtekaji asiingie. Novemba 2013 nahodha wa ndege ya Msumbiji alimfungia nje mwenzake akaiangusha ndege Namibia, wakafa watu 33; Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings akafanya vivyo hivyo kwenye milima ya Ufaransa, wakafa 150. Hakuna anayesema milango ile iondolewe. Lakini anayedai kila sharti jipya ni faida tupu awataje na hao.

Wanaosema stara kwanza

Upande huu mara nyingi hujibiwa kwa dharau: kama huna unachoficha, unaogopa nini? Swali hilo linachanganya kuficha na kusitiri. Mwanamke aliyevaa shanga kiunoni hafichi kitu, lakini hapendi zipapaswe mbele ya foleni ya wanaume. Mzee mwenye hirizi aliyopewa na wazee wake, msichana mwenye pedi begini, mama mwenye hijabu, mgonjwa mwenye mfuko wa haja ubavuni: wote hao si washukiwa, na wote wana kitu ambacho desturi inataka kisitiriwe.

Lililo zito kuliko yote ni dawa. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hulazimika kuzibeba. Kopo likiinuliwa juu na kusomwa kwa sauti mbele ya jirani aliyepanda naye basi Bariadi, habari itafika kijijini kabla ya ndege kutua. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri hiyo, na haikuweka kando lango la uwanja wa ndege. Mkaguzi ana haki ya kujua kama kilichomo ni dawa. Jina la ugonjwa halimsaidii kulinda ndege.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo wanyonge wa foleni hawaelezwi. Mashine ya eksirei ya mizigo hupaka rangi kufuatana na aina ya maada: chuma huonekana bluu, na vitu vya asili ya mimea na wanyama huonekana rangi ya machungwa. Vilipuzi vingi huangukia rangi hiyo hiyo ya machungwa. Sasa fikiria begi linalotoka Itilima au Meatu: samli, asali, michembe, dagaa, unga wa mtama, vyote vizito, vyote machungwa. Begi la karani wa mjini lenye mashati na kompyuta lina fumbo dogo zaidi. Kipimo cha kufuta mikono nacho kinatafuta chembe za nitrati, na mbolea ina nitrati. Januari 2010 uwanja mmoja wa California ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu chupa za asali ziliipa mashine ishara ya kilipuzi. Kwa hiyo mkulima anayehisi kwamba begi lake hufunguliwa kuliko la wengine huenda hajakosea, na huenda mkaguzi pia hana chuki naye. Mashine ndiyo inayoona mashaka kwenye chakula. Maneno mawili ya kumweleza hivyo yangemwondolea fedheha yote.

Msimamo wa stara una shimo lake, nalo ni dhahiri. Mahali popote panapotangazwa kuwa hapakaguliwi ndipo mhalifu atakapoficha. Abdulmutallab alitegemea aibu ya wakaguzi. Wabebaji wa dawa za kulevya huzimeza kwa kutegemea hivyo hivyo. Kudai msamaha wa kukaguliwa, kwa jinsia, dini au umri, ni kumkabidhi mhalifu ramani.

Kinachodaiwa kwa haki ni namna ya kukagua. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke kwa kuzingatia staha, na si vigumu kutenga chumba chenye mlango. Na pale abiria waliposhikilia stara, teknolojia yenyewe iliboreka. Mashine za kwanza za kutazama mwili zilimwonyesha mtu kama aliye uchi. Malalamiko yakawa makubwa. Umoja wa Ulaya ukakataza zile za eksirei mwaka 2011, na Marekani ikaziondoa mwaka 2013 baada ya mtengenezaji kushindwa kuzirekebisha. Zilizobaki huchora kikaragosi kimoja kwa watu wote na kuweka alama tu mahali penye kitu. Ulinzi haukupungua hata chembe. Anayesema faragha na usalama ni mizani ambayo upande mmoja ukipanda mwingine hushuka, mfano huu unamsuta.

Siri inayobaki baada ya safari

Kabla ya abiria wa kimataifa kufika uwanjani, jina lake, namba ya pasipoti, simu, njia aliyolipia, aliyesafiri naye, wakati mwingine hata chakula alichochagua, vimeshatumwa. Azimio namba 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2017, linazitaka nchi zote zijenge uwezo wa kukusanya na kuchambua taarifa hizo. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria yake mwaka 2016 na kuruhusu zitunzwe miaka 5. Juni 2022 mahakama yake kuu ikasema haifai kuzilimbikiza za watu wote bila sababu kwa muda wote huo. Na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuchukua picha ya uso na alama za vidole za wageni mipakani. Hilo ndilo jibu kwa aliyeuliza kuhusu NIDA: alama alizotoa hapa ni za serikali yake, na kila dola hujenga ghala lake.

Watetezi wa ukusanyaji huu wana hoja nzuri kuliko wanavyopewa sifa. Kuchunguza majina kabla ya safari kunaweza kupunguza haja ya kumpapasa kila mtu. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Tanzania tarehe 31 Januari 2018, ni ngumu kughushi, na anayeibiwa yake ana kinga ambayo baba yake hakuwa nayo.

Ila neno la siri likivuja unaweza kulibadili, kidole huwezi. Watanzania wamekwisha kukiweka kidole hicho mahali pengi: NIDA, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, pasipoti, benki. Kila ghala linaloongezwa ni mlango mwingine wa kulinda.

Na kwa mji kama Bariadi, uvujaji wa kwanza hautokei Brussels. Hutokea steshenari. Fomu ya pasipoti hujazwa mtandaoni, na wasio na kompyuta hupelekewa na mhudumu wa duka, ambaye hufungua barua pepe kwa niaba ya mteja, hubaki na neno la siri, na huacha nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kwenye kompyuta ya duka. Tiketi nazo hukatwa kwa kumtumia wakala picha ya pasipoti kwa WhatsApp. Hakuna hila katika hayo. Ni huduma, tena ya lazima, na bila vijana hao wengi wasingesafiri. Lakini ni hapo ambapo siri ya mtu hulala bila ulinzi wowote.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba imeweka haki ya faragha na ya usalama wa mtu chini ya kichwa kimoja, jambo ambalo wanaozigombanisha wangefaa kulisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Inamtaka kila mkusanyaji wa taarifa ajisajili, aseme anazitaka kwa lengo gani, na asizitunze kupita haja. Mwenye taarifa anaweza kudai azione na zirekebishwe. Udhaifu wake uko kwenye misamaha ya usalama wa taifa na maslahi ya umma, mipana kiasi kwamba ukaguzi wa viwanja unaweza kuingia humo karibu wote. Msamaha wa kukusanya ni jambo moja. Kusamehewa kueleza ni nani aliyeona, kwa muda gani, na nani alipewa, ni jambo jingine ambalo sheria isingepaswa kulifumbia macho.

Njia ya tatu na kasoro yake

Baadhi ya nchi zinapendekeza kupima hatari ya kila abiria na kumkagua kidogo anayejulikana. Marekani ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2011: unalipia, unachunguzwa mapema, unapita bila kuvua kitu. Foleni zinapungua, na wakaguzi wanaelekeza macho panapostahili.

Kwa mkulima wa pamba wa Busega, mpango huo unamgeuza mshukiwa kwa kukosa historia. Hajawahi kusafiri, hana kadi ya benki ya kulipia tiketi, amelipa fedha taslimu kupitia mtu mwingine. Kwenye mizani ya kompyuta, umaskini wake na ugeni wake vinafanana na dalili za mhalifu. Wenye majina ya Kiislamu yanayofanana na ya watu wa orodha za washukiwa wanaijua adha hii vizuri, na hakuna dirisha la kwenda kuuliza kwa nini. Njia hii inafaa kwa kuwapima wafanyakazi wa viwanja, ambako Mogadishu ilionyesha pengo. Kwa abiria wa mikoa kama yetu, ingeongeza ubaguzi kuliko ingepunguza foleni.

Uzito wa umbali

Sharti moja halina uzito mmoja kwa watu wote. Mkazi wa Dar es Salaam akikataliwa kopo lake la mafuta humpigia ndugu au dereva aje alichukue. Mtu wa Bariadi aliyeondoka na basi la alfajiri hana wa kumpigia. Samli ile, pengine zawadi ya harusi au chakula cha mgonjwa aliyehamishiwa hospitali ya Muhimbili kutoka ile ya Bugando, inabaki kwenye pipa. Akirudishwa kwa jina lisilofanana, hajapoteza saa moja. Amepoteza nauli, siku nzima na malazi ya Mwanza.

Kwa hiyo mahali pa kueleza masharti ni stendi ya Bariadi na kwa wakala, siku tiketi inapokatwa, kwa Kiswahili na ikibidi Kisukuma. Langoni muda umekwisha. Kwamba maelezo ya mapema hufanya kazi tuliona mwaka 2019. Marufuku ya plastiki ilipogongana na sharti la kubeba vimiminika kwenye kifuko chenye zipu, Ofisi ya Makamu wa Rais ilitangaza kabla ya siku yenyewe kwamba vifuko hivyo vya ukaguzi vinaruhusiwa, mradi msafiri aondoke navyo. Sheria mbili zilizopingana zilipatanishwa kwa tangazo moja.

Suluhisho la mali iliyokataliwa pia tunalo mkononi. Mabasi yetu hubeba vifurushi kila siku kati ya Mwanza, Lamadi na Bariadi. Dirisha dogo uwanjani, la kupokea kilichokataliwa na kukirudisha kwa basi kwa gharama ya mwenyewe, lingeokoa chakula na machozi bila kulegeza sharti hata moja.

Mizani

Zikipimwa hoja zote, ukaguzi wa kila mtu unashinda, na unashinda kwa sababu za haki zaidi ya ulinzi: ndio pekee usiomchagua mtu kwa sura, jina au umaskini wake. Wanaoupinga moja kwa moja hawajatoa mbadala usiowaumiza wanyonge. Lakini ushindi huo una masharti. Mkaguzi atafute kinachoweza kuangusha ndege na asiulize zaidi ya hapo. Mfanyakazi wa uwanja akaguliwe sawa na abiria. Na upande wa siri, ambako mizani imeelemea dola na kampuni, Tume ndiyo yenye kazi kubwa, ikianzia kwenye steshenari na mawakala ambako elimu ya siku moja ingezuia madhara mengi.

Haya yanaijia Simiyu karibu kuliko inavyodhaniwa. Mkoa umo katika orodha ya viwanja 11 vya mikoani vilivyopangiwa upembuzi yakinifu na usanifu. Hata kabla ya ndege, reli ya kisasa ya Isaka–Mwanza, yenye kilomita 341, inapita Malampaka wilayani Maswa. Kwenye treni ya Dar es Salaam–Dodoma abiria tayari hutakiwa kitambulisho na mizigo yao hupita kwenye mashine. Ukaguzi wa uwanja wa ndege umeshashuka ardhini. Mwanamke wa Malampaka aliyezoea kuparamia treni na vikapu vyake atakutana na trei, mashine na mtu mwenye sare. Chumba cha kukagulia wanawake chenye mlango, bango la Kiswahili linalotaja sababu na mwenye kila sharti, namba ya Tume kwa mwenye malalamiko, na dirisha la kurudishia vifurushi, vyote ni rahisi vikichorwa sasa kwenye ramani za majengo, na vyote ni ghali baada ya ukuta kusimama.